Shilingi Elfu Moja kwa Kila Mtoto

Mkoa wa Iringa ni mkoa wa shibe. Mahindi yake hulisha miji mingine, maharage na viazi vyake hushuka kwa malori hadi Dar es Salaam, na mikoa ya Njombe na Rukwa nayo huhesabiwa kuwa ghala la taifa. Hata hivyo, utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulipowapima urefu watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, Iringa iliongoza kwa udumavu. Watoto 57 kati ya kila 100 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe na Rukwa zilifuatia, kila mmoja kwa takriban nusu ya watoto wake. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Dar es Salaam, mji unaonunua karibu kila kinachoingia chunguni, ulikuwa chini ya wastani huo.

Takwimu hizi huwashangaza wanaodhani lishe ni habari ya magunia. Mtoto hadumai kwa kukosa ugali peke yake. Hudumaa kwa kula ugali ule ule kila siku bila maharage, mboga, yai wala dagaa. Hudumaa kwa kupewa uji mwepesi kabla hajatimiza miezi sita, kwa kuharisha mara kwa mara kwa sababu ya choo kibovu na mikono isiyooshwa, na kwa kuachiwa dada yake mwenye miaka minane huku mama akiwa shambani tangu alfajiri. Wala madhara hayaishii kwenye urefu. Ubongo hujengwa zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, na kilichokosekana katika siku hizo ni kigumu kukifidia baadaye.

Tazama sasa kila sababu inaangukia meza ya nani. Choo na usafi viko kwa afisa afya. Bustani ya mboga na kuku wa mayai viko kwa afisa ugani. Kliniki iko kwa mganga mkuu wa wilaya, shule kwa afisa elimu, na vikundi vya akina mama kwa afisa maendeleo ya jamii. Maofisa hao wote hukutana chini ya paa moja, na paa hilo ni la halmashauri. Anayetaka kujua watoto wa wilaya watakuwa na afya gani miaka kumi ijayo atapata jibu karibu zaidi kwenye kitabu cha bajeti ya halmashauri hiyo kuliko kwenye daftari la wagonjwa.

Tanzania ililitambua hilo ilipoanzisha mkataba wa lishe. Mwaka 2017, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, wakuu wa mikoa walitia saini ahadi ya kusimamia lishe katika maeneo yao. Mwaka 2022, akiwa Rais, alitia saini nao mkataba mpya unaofika mwaka 2030. Ahadi hizo ziliteremshwa kwa wakuu wa wilaya, kisha kwa watendaji wa kata na vijiji. Ndani yake mna kipengele kifupi chenye uzito mkubwa: kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na fedha hizo zitoke kwenye mapato yake ya ndani.

Shilingi 1,000 hainunui hata mlo mmoja wa maana mjini. Lakini halmashauri yenye watoto 40,000 wa umri huo inapata shilingi milioni 40, na hapo mambo hubadilika. Fedha hiyo inatosha kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kununua tepe za kupimia mkono wa mtoto, kuweka mafuta kwenye gari linalopeleka matone ya vitamini A vijijini, na kuendesha Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Siku hiyo akina mama huleta watoto wapimwe uzito, na kando yake sufuria huwa jikoni: uji unapikwa mbele yao, ukitiwa karanga, dagaa au maziwa, na kila mmoja anaondoka akijua namna ya kuupika kwa vitu vilivyo nyumbani kwake.

Kwa kuwa ahadi ina kiasi, inaweza kupimwa. Kila halmashauri hupewa alama za kijani, njano au nyekundu kwa fedha ilizotenga na ilizotoa. Fedha kuandikwa kwenye bajeti ni hatua ya kwanza. Ya pili, ambayo halmashauri nyingi zimejikwaa hapo, ni fedha hiyo kutoka benki kabla mwaka wa fedha haujakwisha. Mkurugenzi anayejua kwamba alama yake itasomwa mbele ya wenzake ana sababu ya kusaini hundi mapema.

Njia ya kwenda shule

Mtoto akishavuka miaka mitano, mwili wake hudai kitu kingine zaidi ya chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka au kutembea kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya taarifa za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho.

Watoto wengi wa Afrika Mashariki huenda shule kwa miguu, na kwa hesabu ya mazoezi hiyo ni neema. Kwa hesabu ya usalama ni jambo jingine. Katika kata nyingi za Dar es Salaam mwanafunzi hutembea ukingoni mwa lami, mtaro upande mmoja na bodaboda upande wa pili, akavuka barabara ambayo haina kivuko wala tuta. Mzazi mwenye uwezo, akiona hivyo, humpandisha mtoto kwenye gari la shule, na dakika 40 za kutembea zinageuka dakika 40 za kukaa. Asiye na uwezo humwachia Mungu.

Mwaka 2012 shirika la Amend lilianza jijini humo mpango unaoitwa SARSAI, unaoanza na maswali. Wataalamu huwauliza wanafunzi wanapita wapi, nani aligongwa na aligongewa wapi. Kisha hutembea nao njia hiyo na kuchora marekebisho ya gharama ndogo: matuta, vivuko, alama za barabarani, vizuizi vya kuzuia magari yasipande kwenye njia ya miguu, na pengine lango la shule kuhamishwa kutoka barabara kuu kwenda mtaa wa nyuma. Hakuna daraja la juu wala taa za bei kubwa. Pale mpango ulipofanyiwa tathmini, majeruhi walipungua kwa hadi asilimia 26 na mwendo wa magari kwa hadi asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo uliozaliwa Dar es Salaam, ambao wakati huo ulikuwa umefika nchi tisa za Afrika, ulishinda tuzo ya kwanza ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI Ross, yenye thamani ya dola 250,000 za Marekani.

Somo lake kwa serikali za mitaa ni la moja kwa moja. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini nchini Tanzania ziko chini ya wakala wa serikali kuu, TARURA, na baadhi ya madiwani husema kwamba mikono yao imefungwa. Lakini orodha ya shule zenye hatari iko kwa afisa elimu wa halmashauri, taarifa za majeruhi ziko kwenye zahanati na vituo vya afya vyake, na vipaumbele vya barabara hujadiliwa na madiwani hao hao. Diwani anayekwenda kikaoni na ramani ya maeneo matano ambako wanafunzi wamegongwa anaweza kuomba kitu mahususi: tuta hapa, kivuko pale, njia ya miguu ya mita 300 kutoka sokoni hadi langoni.

Nairobi ilikwenda mbali zaidi kwenye karatasi. Sera yake ya usafiri usiotumia injini, ya mwaka 2015, iliahidi asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka 2019 Barabara ya Luthuli, iliyojulikana kwa msongamano, ikapunguziwa magari na kupanuliwa njia za miguu. Mtaa huo unathibitisha kwamba jambo hili linawezekana katikati ya jiji. Watoto wanaoishi mitaa ya Mathare na Kayole wanangoja asilimia 20 iwafikie nao.

Kigali ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 2016 jiji hilo hufunga baadhi ya barabara zake kuu asubuhi ya Jumapili, mwanzoni mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili. Lami inakuwa ya wakimbiaji, baiskeli na watoto wenye viatu vya magurudumu, na pembeni wahudumu wa afya hupima sukari na shinikizo la damu bure. Kinachohitajika ni askari wa barabarani, vizuizi na amri ya jiji.

Uwanja una mwenyewe

Kombolela, rede, chandimu na kuruka kamba ni michezo isiyotaka fedha. Inataka ardhi, na ardhi ndiyo inayopotea kwanza mji unapokua. Kiwanja kilichoachwa wazi kwenye ramani ya mipango miji huota banda la mbao, banda likawa fremu za maduka, na miaka michache baadaye watoto wanacheza barabarani. Viwanja vya nyasi bandia vinavyokodishwa kwa saa vimeongezeka Dar es Salaam na Nairobi, lakini mtoto wa fundi cherehani hawezi kulipia saa hiyo.

Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakaandamana wakiwa na sare zao, pamoja na wanaharakati, wakausukuma ukuta ukaanguka, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Picha zake zilizunguka dunia. Uwanja ulirudishwa kwa shule, na madai ya kuzipatia shule za umma hati miliki yakapata nguvu mpya. Watoto hao walifanya kwa mikono kazi ambayo ofisi za ardhi zilipaswa kuifanya kwa kalamu: kupima mpaka, kuusajili, na kuulinda.

Hapa ndipo mamlaka ya mtaa yana nguvu kuliko wizara yoyote. Halmashauri inaweza kuorodhesha kila eneo la wazi kwenye kata zake, kuliwekea mipaka inayoonekana na kulitungia sheria ndogo inayokataza kubadilisha matumizi. Inaweza kufungua viwanja vya shule jioni na Jumamosi, kwa makubaliano na kamati ya shule na mlinzi anayelipwa. Inaweza pia kutafuta wabia, kama ilivyokuwa Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, ambako kituo cha michezo cha vijana chenye jina la Jakaya Kikwete kilifunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano na kampuni ya umeme na klabu ya soka ya Sunderland ya Uingereza.

Mashindano ya UMITASHUMTA, yanayokusanya wanamichezo wa shule za msingi kuanzia ngazi ya shule hadi taifa, ni hazina ambayo nchi nyingi hazina. Udhaifu wake ni kwamba huwachuja watoto. Kila hatua wenye kasi wanasonga mbele, na mtoto mnene au mwenye pumu, ambaye angefaidika kuliko wote, anabaki kuwa mshangiliaji. Mwaka 2012 shule ya St Ninians katika mji wa Stirling, Scotland, ilianza desturi ambayo haimchuji mtu. Kila siku, kwa dakika 15, darasa zima hutoka nje likakimbia au kutembea kuzunguka uwanja, kila mtoto kwa kasi yake, na sare ile ile. Watafiti walipowalinganisha watoto wa shule iliyoianza desturi hiyo na wa shule nyingine isiyo nayo, waliona stamina imeongezeka na mafuta ya mwilini yamepungua. Afisa elimu wa wilaya anaweza kuiagiza desturi kama hiyo kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Sahani ya mchana

Mtoto mwenye njaa hakimbii. Katika shule nyingi za kutwa mwanafunzi hunywa chai ya rangi asubuhi, kisha hakuna kingine hadi jioni. Elimu bila ada iliondoa karo nchini Tanzania, lakini chakula kilibaki jukumu la wazazi, na walimu wakuu wengi waliogopa kuomba hata debe la mahindi wasije wakatuhumiwa kutoza michango. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni umeweka utaratibu, lakini kuutekeleza kunategemea kikao cha wazazi, shamba la shule, jiko sanifu na ghala lisilo na panya. Hayo yote ni mambo ya kata.

Nairobi inatoa mfano mkubwa katika ukanda huu. Mwaka 2023 gavana Johnson Sakaja alizindua mpango wa Dishi na County. Kaunti ilijenga majiko makuu, na shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012 kwa kulisha watoto wachache Ruiru, likapewa kazi ya kupika na kusambaza. Mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, nyingi akizituma kwa simu, na mtoto huvaa bangili ya kielektroniki anayoigusisha kwenye kifaa kabla ya kupokea sahani. Hakuna foleni ya fedha taslimu, na mwanafunzi ambaye mlo wake umefadhiliwa hatofautishwi na aliyelipiwa na babake.

Mpango huo ulizua ubishi wa kikatiba. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazipa kaunti elimu ya chekechea, huku shule za msingi zikibaki kwa serikali kuu. Lakini jedwali hilo hilo linazipa kaunti huduma za afya, viwanja vya burudani na michezo, barabara za kaunti, na hata udhibiti wa matangazo ya nje. Mtoto hagawanyiki kwa mujibu wa jedwali. Sahani ya wali na maharage inayomfanya asilale darasani ndiyo inayomkinga na upungufu wa damu, na kaunti iliyoipika inaokoa fedha za dawa katika hospitali zake yenyewe.

Brazil ilifunga mduara huu kwa sheria. Sheria ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu hupeleka kwa ajili ya chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Kwa Iringa au Njombe, utaratibu kama huo ungempa mkulima wa maharage soko la uhakika lililo kilomita chache kutoka shambani, na kumpa mtoto wake kile anachokikosa kwenye sahani.

Bango lililo mbele ya lango

Mjini tatizo huja na sura mbili kwa pamoja. Nyumba moja ina mtoto aliyedumaa na kaka yake aliyeanza kunenepa kwa soda, chipsi na biskuti. Shule inamfundisha mlo kamili saa nne asubuhi, na saa nane anatoka nje anakuta bango la kinywaji chenye sukari lenye ukubwa wa nyumba.

Mwaka 2013 jiji la Amsterdam, ambako mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi, liliamua kwamba suala hilo si la idara ya afya peke yake. Eric van der Burg, aliyesimamia afya na michezo jijini humo, aliunganisha shule, wapangaji miji, wauguzi na viongozi wa mitaa kwenye mpango wenye mambo matatu: kula na kunywa vizuri, kuuchezesha mwili na kulala vya kutosha. Shule ziliondoa juisi zikabakiza maji na maziwa. Jiji lilikataa matamasha ya michezo yanayofadhiliwa na wauza vyakula vya haraka. Kati ya 2012 na 2015 idadi ya watoto wenye uzito uliozidi ilishuka kutoka asilimia 21 hadi 18.5.

London nayo, mwezi Februari 2019, iliondoa matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye treni na mabasi yake. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kila kaya ilinunua takriban kalori 1,000 pungufu kwa wiki kutoka kwenye vyakula hivyo, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila katazo. Gavana wa kaunti ya Kenya mwenye mamlaka juu ya matangazo ya nje anaweza kutenga umbali fulani kuzunguka shule usio na mabango hayo. Halmashauri ya Tanzania inaweza kutumia sheria ndogo na vibali vya biashara kuamua nini kiuzwe langoni, na kuwapa kipaumbele wauza matikiti, ndizi na karanga.

Onyo moja linatoka kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 1992 miji midogo ya Fleurbaix na Laventie ilianza kwa kufundisha lishe madarasani tu, na kwa miaka kadhaa uzito wa watoto haukushuka. Mabadiliko yalikuja baadaye, mji mzima ulipoingia: madaktari, maduka, vilabu vya michezo na ofisi za mameya. Mwaka 2004 watoto wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8.8, wakati katika miji jirani iliyolinganishwa nayo walikuwa asilimia 17.8. Ilichukua miaka 12, na hakuna muhula wa diwani unaodumu muda huo.

Ndiyo sababu mipango hii huhitaji wazazi wanaoisimamia kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine. Sheria ya Tanzania inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Hapo mzazi yeyote anaweza kuuliza: katika shilingi 1,000 ya kila mtoto, ngapi zimetoka na zimefanya nini? Uwanja wa kijiji umepimwa? Ni shule ngapi za kata zinazopika mchana, na zisizopika zimekwama wapi? Nchini Kenya makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge lake kabla ya tarehe 30 Aprili, na Katiba inataka umma usikilizwe. Halmashauri za Tanzania hupitisha rasimu zao mapema zaidi, katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Mzazi anayengoja hadi Mei atakuta vitabu vimeshafika Dodoma, kwa hiyo mkutano wa Desemba au Januari ndio wa kuwahi, akiwa na orodha yake mkononi na majirani wachache wanaouliza swali lile lile.